Kuhusu dini ya Gitta Alpár

Mkuu, umeuliza kama yule soprano (mwimbaji wa sauti ya juu ya kike) Gitta Alpár alikuwa Myahudi kweli au ni uvumi wa mtandaoni. Ni kweli. Alizaliwa Budapest, Hungary, mwaka 1903 kwa jina la Regina Klopfer, na baba yake alikuwa mwimbishaji wa ibada katika sinagogi.

Hapo ndipo wengi hupotea: wanatafuta jina Alpár kwenye kumbukumbu na hawapati kitu. Zama zile familia nyingi za Hungary zilibadili majina ya Kijerumani kuwa ya Kihungari, na wasanii vivyo hivyo. Anza na jina la kuzaliwa. Serikali ya Hungary ilianza kuandikisha vizazi yenyewe Oktoba 1895, na daftari hizo huonyesha dini ya wazazi. Ukiona "izr.", ni Myahudi, "r.k." ni Mkatoliki. Kwa waliozaliwa kabla ya hapo, rudi kwenye vitabu vya kanisa au sinagogi.

Tafadhali usitegemee orodha za Wanazi. Mwaka 1940 walichapisha kamusi nzima ya wanamuziki Wayahudi, yenye makosa, na lengo lake lilikuwa kuwafungia watu riziki. Alpár mwenyewe, aliyetamba Berlin, aliondoka Ujerumani mwaka 1933.

Daftari la kuzaliwa pia halikuambii kama mtu alibatizwa baadaye. Kwa hilo angalia cheti cha ndoa, maana zama zile nacho kiliandika dini.