Niliandika "mfanyabiashara", nikakosa basari

Juzi saa tano usiku simu ililia. Ujumbe wa dada mmoja msomaji wangu, mtu wa Kilifi: "Shikamoo kaka. KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo Kenya, wamenipa nafasi chuo kikuu, karo sina hata ya kuanzia. Nianzie wapi?" Nikamwomba anipe mpaka asubuhi, halafu usingizi ukaniruka. Swali hilohilo nilikuwa nalo mwaka wa 2015, na mtu wa pekee niliyemuuliza alikuwa kijana wa saiba, duka la intaneti, akanitoza hamsini na kunipa jibu la uongo.

Nianze na kosa langu, kwa sababu ndilo nililolipia ghali.

Mimi ni mtoto wa muuza mahamri. Mamangu alikuwa akiamka saa tisa za usiku, anakanda unga huku anasinzia, na alfajiri yuko stejini na beseni lake na sufuria ya mbaazi za nazi. Beseni lile ndilo lililonisomesha. Lakini siku niliyoishika fomu ya basari, yaani msaada wa karo, kwa mara ya kwanza, fomu iliyofotokopiwa mpaka mistari ikalala upande, nilipofika pale panapoulizwa kazi ya mzazi, kalamu ilisita. Nilikuwa nimepata B+ kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mtaa mzima ukiniita profesa. Nikaona nikiandika mahamri, wanakamati watanicheka. Nikaandika kwa herufi kubwa: MFANYABIASHARA. Na kwenye mapato ya mwezi, ili neno hilo lisije likaonekana halina uzito, nikajaza 30,000.

Mzee wa mtaa akatia sahihi, chifu akagonga muhuri. Hakuna aliyesoma.

Majina yalipobandikwa ukutani, langu halikuwapo. Niliisoma karatasi ile kutoka juu hadi chini mara tatu, kisha kutoka chini kwenda juu. Jina la kijana ambaye babake ana malori mawili ya mchanga lilikuwapo. Sisemi zaidi, wa kwetu wanajua. Nilirudi nyumbani nikiwalaani wote, na kwa muda mrefu nilikuwa nakisimulia kisa hiki kama kisa cha ufisadi tu. Ufisadi upo, simtetei mtu. Lakini mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilikuwa nimewaandikia kwamba nyumbani kwetu zinaingia elfu thelathini kila mwezi.

Aliyenifumbua macho ni karani mmoja, mama wa makamo, nilipopeleka fomu mwaka uliofuata. Aliisoma, akanitazama viatu.

"Mfanyabiashara wa nini? Ana duka?"

"Hana."

"Sasa ana nini?"

"Anauza mahamri."

"Basi andika mahamri, mwanangu. Nani atakuhurumia kwa hilo neno lako?"

Akanipa fomu nyingine.

Jioni ile mimi na mama tulikaa jikoni tukapiga hesabu, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya. Unga, sukari, mafuta, nazi, iliki, kuni. Mahamri mia na ishirini, shilingi tano kila moja, na mbaazi za shilingi mia tatu. Akiuza yote bila kubakisha, faida ni 250 kwa siku. Mvua ikinyesha, hata hiyo hakuna. Mama alishangaa kuliko mimi. "Kumbe ndivyo tunavyoishi?" akasema, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nikaandika: anauza mahamri stejini, 6,500 kwa mwezi, watoto watano, wawili wako sekondari. Nikapewa 15,000.

Kumi na tano! Wakati ule, sisi tuliopelekwa na serikali tulitozwa 16,000 kwa mwaka kama karo ya masomo, kabla ya chumba na ada nyingine ndogondogo. Nilijiona nimeokoka. Ila pesa ya basari hupewi mkononi, hundi huandikiwa chuo. Na hundi ile ilikuja ikiwa na majina ya wanafunzi wengi, langu likiwa na namba ya usajili iliyokosewa tarakimu moja. Ikakaa huko miezi mitatu bila mwenyewe. Wiki ya mitihani nikanyimwa kadi ya mtihani kwa deni ambalo lilikuwa limeshalipwa. Kwa hiyo dada yangu, ukiona jina lako kwenye orodha usianze kusherehekea. Uliza hundi imetoka lini, ina namba gani, na uende afisi ya karo wakuonyeshe pesa imeingia kwenye jina lako. Namba ya usajili iandike wewe, usimwachie mtu.

HELB nayo, bodi ya mikopo ya wanafunzi, nina kidonda chake. Walitaka wadhamini wawili. Mama alikuwa wa kwanza. Wa pili nilikwenda kwa baba mdogo, mtu mwenye mshahara wa serikali. Alinikaribisha chai, akaisoma fomu mpaka mwisho, akanirudishia. Eti nitamwachia deni. Aliyetia sahihi ni jirani yetu anayeuza samaki, mikono bado ina magamba. Nakala ile ya kitambulisho chake ilinuka samaki. Deni la HELB nimelimaliza mwaka huu, mpaka senti ya mwisho, na cheti nimekipeleka kwanza kwa mama samaki kabla ya kukionyesha mtu mwingine. Baba mdogo juzi amenipigia simu, mwanawe anatafuta mdhamini. Nimetia sahihi. Lakini chai yake sikunywa.

Sasa turudi kwako. Siku hizi mambo yamebadilika, na aibu kama yangu imezidi kuwa ghali. Tangu mwaka wa 2023 serikali haimlipii kila mwanafunzi kiasi kilekile. Unaomba kwenye mtandao, unajaza habari za nyumbani kwenu, na majibu yako ndiyo yanayokupanga kwenye moja ya madaraja matano. Daraja la kwanza, ufadhili ni asilimia 70, mkopo 25, familia inatoa 5. Daraja la tano, ufadhili 30, mkopo 30, familia 40. Chukua kozi ya shilingi laki mbili kwa mwaka: wa kwanza nyumbani wanatafuta elfu kumi, wa tano wanatafuta elfu themanini. Mfumo huo umeshapingwa mahakamani, na wapo wengi waliopangwa mahali pasipo pao. Ukionewa, kata rufaa, nafasi ipo. Lakini utakata rufaa vipi ukiwa umejipa mwenyewe mapato ambayo hamna?

Andika ukweli. Kama mzazi ni kibarua, andika kibarua, na andika analipwa siku ngapi kwa wiki. Kama baba amefariki, tafuta cheti cha kifo leo, usingoje fomu itoke. Hiki ndicho kinachowakwamisha wengi, maana watu wetu huzika bila kuandikisha. Kuna mayatima wangapi wanaokosa basari kwa kukosa karatasi ya kuthibitisha uyatima wao?

Usikae na mlango mmoja. Kuna NG-CDF, hazina ya maendeleo ya eneobunge, ingawa Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya hazina hiyo inakiuka katiba, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Kuna basari ya kaunti kupitia wadi. Kuna kamati ya zaka msikitini, kuna kanisa. Na chuo chenyewe: ukifika, muulize afisa mkuu wa wanafunzi (dean) habari za kazi za muda kwa wanafunzi wahitaji. Mimi nilifagia maktaba mwaka mzima na sijafa.

Fomu haiuzwi. Anayekuomba "ya kuharakisha" mpite. Nakala piga kumi kumi: barua ya chuo, kitambulisho chako, vya wazazi, matokeo, orodha ya karo. Nimekwambia piga nakala? Piga nakala.

Ndugu zangu, aibu haijawahi kulipa karo ya mtu. Najua wengine mtaniambia mambo ya nyumbani ni siri. Sawa, ni siri. Ila watu wa stejini wote wanamjua mamako na beseni lake, unamficha nani?

Dada wa Kilifi amenijibu leo asubuhi. Mamake anasuka makuti, na ameshaandika hivyo. Chifu wao yuko likizo, naibu wake anagonga muhuri Jumanne na Alhamisi tu. Nimemwambia aende Jumanne, saa mbili kamili awe mlangoni, na kalamu yake mwenyewe.