Samaki wetu wanatoka weusi na wachungu

SWALI: Mama, jambo sana. Tunaishi kando ya Ziwa Kivu, upande wa Minova. Bwana yangu anavua, mimi na mama mkwe tunauza samaki wabichi asubuhi mbele ya nyumba. Wanaobaki, tilapia na kambare, tunawabanika na kuwapeleka Goma kwa boti. Siku hizi wanatoka weusi tititi, wachungu, na wengine wanafika soko la Kituku wakiwa na funza. Mama mkwe anasema niongeze kuni mbichi ili moshi uwe mwingi. Naogopa kumpinga. Tena mashemeji wanachukua samaki bila kulipa. Nifanye nini?
Mama Mapacha

JIBU: Mama Mapacha, hukutaja kuni zenu, lakini nitabahatisha: mkaratusi, sivyo? Huko kwenu mlima mzima ni mikaratusi, na mtu hupika kwa alichonacho. Ila mti huo una mafuta makali, ndiyo maana tukishikwa na mafua tunachemsha majani yake na kujifukizia. Kifuani ni dawa, kwenye samaki ni uchungu. Msonobari ni vilevile. Tafuteni matawi makavu ya mwembe au mparachichi. Na tafadhali, moto usiwashwe kwa mifuko ya plastiki wala mbao zenye rangi. Sumu yake inapanda moja kwa moja kwa samaki.

Sasa la mama mkwe. Kuni mbichi zinatoa moshi mwingi kweli, lakini moshi huo umejaa mvuke, na samaki akiwa bado na maji mwilini, masizi yanamganda. Kinachomtunza samaki hasa ni kukauka na chumvi. Moshi unasaidia, na unaleta harufu. Kwa hiyo mpasue, mtoe matumbo, mwoshe, kisha mlaze kwenye maji ya chumvi, kopo moja la chumvi kwa makopo kumi ya maji, nusu saa hivi, kambare mnene zaidi kidogo. Halafu mwanike kivulini penye upepo, chini ya chandarua, mpaka ngozi isishike kidole. Hapo ndipo apande uchanjani. Moto wa kumwivisha kwanza, kisha punguza, moshi mdogo na mkavu umalizie polepole, huku ukimgeuza. Kazi ndefu, najua.

Sambaza, wale dagaa wadogo wa ziwani, msiwapotezee kuni, wao ni wa kukaushwa juani. Hata hivyo ni wageni walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanatulisha sote.

Funza nao wachunguzeni. Mweupe laini ni wa nzi, maana yake samaki alikuwa bado na maji. Mwenye manyoya ni wa mdudu wa stoo, maana yake samaki mkavu alikaa muda mrefu bila kufunikwa. Wote wawili hawapendi chumvi. Nimesikia wachuuzi wanapulizia dawa ya mbu. Msithubutu, mtu anakula hiyo! Pia msifunge samaki wangali moto, watatoka jasho na kuota ukungu. Wapoe kabisa, kisha kwenye kitunga chenye karatasi safi, si plastiki.

Kumpinga mama mkwe sikushauri. Mwambie, "Mama, nisaidie kujaribu": uchanja mmoja kwa njia yake, mmoja kwa hii, na yeye aonje kwanza. Mzee aliyebanika samaki maisha yake yote hahitaji kufundishwa ladha.

Mashemeji? Daftari la mkopo alishike mama yao, si wewe. Asipoandika, mtoto wa shule aandike mbele yake. Lakini la daftari lisubiri mpaka samaki wa kwanza wazuri wauzwe Kituku, pesa ikiwa mkononi mwake atakusikiliza vizuri zaidi.