Usinunue hiyo 14700F kabla ya kukagua faili za kamera yako

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema unapiga video kwa kamera ya Sony FX30, HEVC (mfumo wa kubana video) 10-bit 4:2:2 (kiasi cha taarifa za rangi kinachohifadhiwa), unahariri kwa Premiere Pro, umeshachagua prosesa ya Intel Core i7-14700F na kadi ya picha ya NVIDIA RTX 4070, na unauliza kama prosesa ya AMD Ryzen 9 7950X ingefaa zaidi. Hiyo herufi F ndiyo itakayokuliza.

F maana yake prosesa haina kadi ya picha ya ndani inayofanya kazi. Wauzaji wanaisukuma kwa sentensi moja: "Una RTX, ya ndani ya nini?" Kwa mcheza gemu wako sahihi. Kwa mhariri ni ushauri mbovu, na inaniuma kuona bado unatolewa kwa kujiamini namna ile na watu wasiouliza hata kamera yako inarekodi nini. Kwenye kadi hiyo ndogo ya Intel ndimo ilimo Quick Sync, sakiti maalumu ya kufumbua video (kuigeuza faili iliyobanwa kuwa picha), na tangu kizazi cha 11 inafumbua HEVC 10-bit 4:2:2. RTX 4070 haiwezi. Mifululizo ya RTX 30 na 40 inafumbua HEVC ya 4:2:0 na 4:4:4 lakini inairuka 4:2:2, ambayo NVIDIA waliileta kwenye RTX 50 mwaka 2025. Kadi ya ndani ya 7950X nayo haiwezi, kwa hiyo kuhamia huko hakukuokoi.

Sakiti ikikosekana, kazi yote inaangukia kori za prosesa. Na HEVC ya kamera yako ni Long GOP: fremu nyingi hazina picha kamili, zinabeba tofauti tu na fremu za jirani. Ukiburuta kishale hadi katikati ya klipu, prosesa inarudi hadi fremu kamili iliyo nyuma, kisha inafumbua njia nzima hadi ulipo. Panga kamera tatu kwenye taimulaini, kazi ni mara tatu. Kori 20 zinagonga asilimia 100, picha inakwama, RTX imekaa karibu bure. Hapo mtu anaamini kadi ni dhaifu, anaiuza, ananunua RTX 4090, na mkwamo uko palepale! Hakuna pesa inayopotea vibaya kama hiyo.

Zile chati za mitandaoni nazo zinapotosha. Nyingi zinapima muda wa kutoa video iliyokwisha kuhaririwa, wakati wewe siku nzima unakata na kuburuta.

Chukua klipu yako halisi, ifungue kwa MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za faili, soma mistari mitatu: Format, Chroma subsampling, Bit depth. Ikisema HEVC, 4:2:2, 10 bits, nunua i7-14700 au 14700K, zisizo na F. Ukishuka hadi i5, chukua 14500 badala ya 14400: ya kwanza ina kadi ya ndani UHD 770 yenye injini mbili za video, ya pili UHD 730 yenye moja. Ikisema 4:2:0, F haina shida, RTX inaimaliza kazi. Ikisema AVC (H.264, mfumo wa zamani kuliko HEVC) 4:2:2 10-bit, Quick Sync ya kizazi cha 14 haiisaidii. Badilisha kamera irekodi XAVC HS (jina la Sony kwa HEVC), au tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria, za ProRes Proxy.

Ukishafunga RTX, bodi nyingi huizima kadi ya ndani zenyewe. Ingia BIOS (mipangilio ya bodi kabla Windows haijawaka), weka Internal Graphics kuwa Enabled badala ya Auto, kisha weka draiva ya Intel. Kwenye Premiere, nenda Preferences, Media, washa ufumbuaji wa maunzi na uweke tiki kwenye Intel. Cheza klipu huku Task Manager iko wazi: grafu ya Video Decode ya kadi ya Intel lazima ipande. Ikilala sifuri, bado prosesa ndiyo inayobeba mzigo.

Ukiwa BIOS, sasisha toleo lake kabla ya kazi yoyote nzito. Vizazi vya 13 na 14 vilikuwa na kasoro ya volteji iliyoharibu prosesa taratibu, na Intel walitoa marekebisho 0x129 na 0x12B mwaka 2024. Prosesa iliyotumika bila marekebisho hayo usiiguse, hata ikiuzwa nusu bei.

RAM weka GB 32, na 64 kama unatumia After Effects. Tuma hiyo mistari mitatu ya MediaInfo hapa kabla hujalipa.