Kusomea Mbizi za Kina Ukiwa Moshi

Mkazi wa Moshi anayetaka kuendelea na kozi ya pili ya kupiga mbizi, baada ya kupata cheti cha mwanzo kinachomruhusu kufika mita 18, hukosa vitabu kabla hajakosa bahari. Maduka ya mjini yana vitabu vya shule na vya dini, basi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maarifa ya kufika mita 30 husomwa mezani, na baadhi ya machapisho bora yanapatikana bure mtandaoni.

Ningemshauri aanze na mwongozo wa mbizi wa Jeshi la Majini la Marekani, toleo la 7 la mwaka 2016, ambao hupakuliwa bila malipo. Unakaribia kurasa elfu moja, na nyingi zinahusu kazi za kijeshi zisizomhusu, kwa hiyo hakuna haja ya kuuchapisha wote na kumaliza wino wa watu. Mimi nilipeleka steshenari sura za fizikia, za mwili wa binadamu chini ya maji na za majedwali ya hewa, yaani yale yanayoonyesha muda wa kukaa katika kila kina, nikazibana pamoja. Aongezee makala za Divers Alert Network, shirika lililoanzishwa mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha Duke, ambalo huchambua ajali za wapiga mbizi hatua kwa hatua. Vitabu vya kozi yenyewe asinunue kabla ya kuuliza kituo atakachosomea iwapo vimo ndani ya ada.

Hesabu zifanywe kwa kalamu. Mtu anayevuta lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu ya maji atatumia lita 80 akiwa mita 30, kwa kuwa mgandamizo wa huko ni mara nne. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bari 200 (bari ni kipimo cha mgandamizo) una lita 2,400. Ukitenga bari 50 za akiba zinabaki lita 1,800, yaani dakika 22 hivi, na hapo kushuka na kupanda hakujahesabiwa. Vitabu vya mitumba vilivyoachwa na watalii navyo vinafaa, mradi uangalie mwaka: vingi vya zamani vinaruhusu kupanda mita 18 kwa dakika, ilhali mwongozo niliotaja unataka mita 9 tu.

Dira hufunzwa uwanjani. Jifunike taulo kichwani ili uone dira na miguu yako peke yake, tembea hatua 30, geuka nyuzi 90, rudia mpaka pande nne zitimie, kisha uone umeishia wapi. Watoto watacheka, lakini kosa la nyuzi chache litaonekana wazi.

Sura ambayo watu wa pwani huipita haraka ndiyo inayotuhusu sisi wa huku juu, nayo ni ya kupanda mwinuko baada ya mbizi. Moshi iko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na Arusha karibu mita 1,400. Naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kutengeneza viputo mgandamizo wa hewa unapopungua, iwe ndani ya ndege au ndani ya basi. Divers Alert Network hushauri kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja na saa 18 baada ya mbizi kadhaa, kwa mwinuko wa kati ya mita 600 na 2,400, ambamo miji yetu yote miwili imo. Aliyetoka majini saa nane mchana baada ya mbizi mbili aliache basi la alfajiri la kutoka Tanga, apande la saa tatu asubuhi. Kilele cha Kilimanjaro, chenye mita 5,895, kiko mbali nje ya mwinuko huo; anayetaka kuunganisha safari hizo mbili aanze na mlima, ndipo ashuke Zanzibar au Pemba.