Ploti ya hamsini kwa mia, warithi wanne na gari ambalo hatuna

Juzi mtoto wa jirani yetu hapa Muyeye, Malindi, kanijia jioni na simu mkononi, picha ya kipande cha ardhi, ananiuliza shangazi, mwenyewe ananikatia futi 16 kwa 100, bei nzuri, nichukue? Nikamwambia keti kwanza. Maana kipande cha upana huo huo ndo kilinitoa jasho karibu miaka miwili, na mimi sikupata mtu wa kunikalisha kabla sijamwaga msingi. Naulizwa sana haya mambo, basi leo naandika yote, ukichoka ruka.

Babetu alipofariki aliacha ploti moja, 50 kwa 100, yaani futi za mraba 5,000. Tuko wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, na mama alishatangulia. Mirathi ya Kiislamu hapo haina maneno mengi, kila kaka mafungu mawili, sisi moja moja, jumla sita. Kila kaka akapata futi za mraba 1,666, mimi 833 na dadangu 833. Sisi wawili tukaunganisha yetu, tukawa na ukanda wa futi 16 na nusu hivi kwa 100, tukasema twende, tupige vyumba sita vya kupangisha, vya watu wa kawaida, mtu wa hoteli, dereva wa tuktuk, mwalimu wa chekechea, watu ambao wakitafuta chumba mji huu wanaonyeshwa ama nyumba ya mtalii ama banda la mabati.

Hapo nikafanya kosa langu mwenyewe na simlaumu mtu. Fundi aliniambia anza tu, karatasi zitafuata, nami nikaanza. Msingi ukatoka, kozi tatu za mawe zikapanda, siku moja naja nakuta X nyekundu ukutani kubwa hivi, kazi isimame. Masika ikaingia, mifuko 11 ya simiti ikageuka mawe ikiwa stoo. Nilipokuja kupeleka ramani kaunti kwa utaratibu nikaambiwa kwa upole tu, dada, hii haipiti. Kipande ni kidogo mno kupewa hati yake, hujaacha nafasi pande zote, na pakingi iko wapi?

Pakingi! Mtaa wetu tuktuk ikikutana na mkokoteni wa maji mmoja inabidi arudi nyuma. Mpangaji wa chumba kimoja gari atatoa wapi? Lakini gari hilo lisilokuwepo linakula nafasi ya chumba kizima, na chumba kisichojengwa kodi yake inalipwa na vile vilivyobaki. Na ile nafasi ya pembeni, fanya hesabu mwenyewe, una futi 16 na nusu, tuseme unaacha tano huku na tano kule, umebakiwa na sita na nusu. Hiyo ni korido, si nyumba.

Nilirudi nyumbani na hasira mpaka nikamkumbuka bibi mzaa mama. Yeye alikuwa wa Lamu, Mkomani, na ukuta wa nyumba yake ndo ulikuwa ukuta wa jirani, hakuna hata upenyo wa paka. Juu ya njia kuna wikio, chumba kimevuka kutoka nyumba hii hadi ile, chini watu na punda wanapita. Vyumba vyembamba na virefu, metre mbili na nusu au tatu, kwa sababu boriti ya mkoko ndo inaamua upana. Mji huo watu wameishi zaidi ya miaka 700, na mwaka 2001 UNESCO wakauweka kwenye urithi wa dunia. Sasa mtaa kama ule uchore leo kama ujenzi mpya upeleke kwa masharti niliyopewa mimi. Utarudishiwa ramani kabla hujakaa. Tunausifu kwa wageni, tunaukataza kwa watoto wetu.

Masharti haya hayakutoka mbinguni. Kanuni za ujenzi tulizotumia Kenya miaka mingi ni za 1968, na zile zilikuwa na asili ya Kiingereza, nyumba imesimama peke yake katikati ya bustani. Mwaka 1995 zikatoka za kulegeza, zikaruhusu vifaa vya bei ndogo kwa nyumba za watu wa kipato cha chini, ila kila halmashauri ilitakiwa izikubali yenyewe, na hapo ndo mambo mengi hulala. Sasa kuna kanuni mpya za taifa za 2024 zilizoanza kutumika Machi 2025. Ila hizo zinahusu zaidi jengo lenyewe. Ukubwa wa ploti, nafasi za pembeni, pakingi, hayo kwa sehemu kubwa yako kwenye mipango ya kaunti, na hiyo ni habari njema kwa sababu kaunti tunaifikia kwa matatu.

Na si sisi tu. Houston kule Marekani ploti ya chini ilikuwa futi za mraba 5,000, hamsini kwa mia kabisa kama ya babetu, nilicheka niliposoma. Mwaka 1998 wakashusha mpaka 1,400 kwa sehemu ya katikati ya mji, na 2013 wakaipeleka mji mzima. Pale palipokuwa na nyumba moja zikasimama tatu, zimeshikana mabega. Yaani kaka zangu kila mmoja angepita Houston na fungu lake, mimi na dadangu ingebidi tuungane vile vile. Mji wa Buffalo nao 2017 uliacha kulazimisha pakingi, mwenye kujenga anaamua mwenyewe kama anaihitaji. Hao ni watu wa magari! Sisi wa tuktuk ndo tunang'ang'ania.

Lakini sikiliza, mimi si wa kusema sheria zote zifutwe, na wanaosema hivyo hawajachimba karo Malindi. Mji unategemea mashimo ya maji machafu, na ardhi yetu ni matumbawe, maji yanapita kama kwenye kichujio, kwa hiyo karo lako likikaribia kisima cha jirani mnakunywa mlichomwaga. Umbali huo usiguswe, tena uongezwe. Na moto pia. Kuta zikishikana ziwe za mawe na zipande kupita paa, na makuti yasiwepo hapo hata kidogo, kila mtu hapa ameona makuti yakishika moto kaskazi inavuma. Ninachotaka ni sharti linalomlinda mtu libaki, linalolinda gari la kufikirika litoke.

Haya, tulitokaje? Tuliacha kukata ploti. Tulikaa barazani baada ya Isha wanne wote, nikasema kaka, tukigawa tunapata vipande vinne visivyojengeka, tusipogawa tunapata jengo moja. Kaka mkubwa akakataa katakata, nikifa watoto wangu wataonyeshwa nini? Swali la haki kabisa. Jibu lilikuwa kuandikisha majina yote manne kwenye hati, kila mmoja na fungu lake limetajwa. Hapa shika sana: kuna umiliki wa pamoja ambao mmoja akifa sehemu yake inabaki kwa waliohai, na kuna wa mafungu ambao inaenda kwa warithi wake. Taka huo wa pili, na usikubali hata siku moja jina la mmoja kwa niaba ya wenzake, hata kama ni tumbo moja. Na tangu sheria ya 2020 ya kumiliki sehemu za jengo, jengo likikamilika kila mtu anaweza kutafutiwa hati ya vyumba vyake. Sisi bado hatujafika huko, vipimo vina gharama yake.

Tukapeleka ramani moja ya ploti nzima. Unajua ilitoka nini? Korido katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, nyumba ya Kiswahili ile ile. Ikapita. Vyumba 12 badala ya vile sita vyetu, na mbele tukachora pakingi mbili maana bila hivyo isingepita. Haijaingia gari mpaka leo. Mpangaji wetu mmoja anauza mbaazi na mahamri hapo kila asubuhi.

Ukipeleka ramani yako, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wenye tarehe. Sheria ya mipango ya 2019 inasema ukikaa siku 60 bila kujibiwa kwa maandishi inahesabika umekubaliwa, na bila tarehe huna cha kuhesabia. Hata hivyo mimi kwa X niliyoiona nisingemwaga zege kwa kutegemea hilo tu, ningeandika barua kwanza kuwakumbusha.

Kuhusu kubadilisha masharti yenyewe, kulalamika kwenye chai hakuna faida, nimelalamika mimi. Sheria ya serikali za kaunti inampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi bunge la kaunti litunge au libadilishe sheria yake, si lazima uwe na wakili. Nilichojifunza kwenye vikao vya maoni ni kwamba ukisema nyumba ni ghali wanaitikia kwa kichwa na kuandika, basi. Ukija na mchoro wa ukanda wa futi 16, ukasema hapa sharti la pembeni linaua nyumba, hapa pakingi inakula chumba, mtu anauliza swali la kweli. Kaka yangu mdogo anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya nyumba nafuu tangu sheria ile ya 2024, na ghorofa zikija zije, ila nyumba nafuu nyingi za mji huu zitajengwa na watu kama sisi, chumba kimoja baada ya kingine. Ombi letu kwa bunge hilo lina mambo matatu tu, ukubwa wa ploti, nafasi za pembeni na pakingi, na sahihi tunakusanya Ijumaa msikitini na Jumapili kanisani.

Yule kijana nimemwambia asinunue ukanda peke yake. Atafute wawili wengine wanaonyemelea ploti ile ile, wainunue nzima, hati moja, mafungu yameandikwa. Kasema wapo, anawajua. Alhamisi asubuhi wanakuja wote watatu tuangalie mchoro, mahamri nitachukua hapo hapo kwenye pakingi.