Jibu: Je, safu ya mbele ya Kansas City Chiefs ilikuwa mbovu msimu wa 2024?

Ndugu, umeuliza kama Patrick Mahomes, mrushaji mpira (quarterback) wa Chiefs, timu ya futiboli ya Marekani, aliangushwa mara 6 kwenye fainali ya Super Bowl ya Februari 2025 kwa sababu safu iliyomkinga ilikuwa mbovu yote. Kwa maoni yangu, hapana. Katikati palikuwa imara: Creed Humphrey, anayeanzisha mpira, na Trey Smith upande wake wa kulia walikuwa miongoni mwa bora wa ligi katika nafasi zao.

Tatizo lilikuwa pembeni kushoto, mahali panapohitaji mtu mwenye mikono mirefu na miguu myepesi ya kurudi nyuma. Kingsley Suamataia, aliyekuwa mgeni katika ligi, alianza msimu hapo lakini akaondolewa mechi ya pili. Wanya Morris naye hakutulia, na D.J. Humphries akaumia mapema. Desemba kocha alimhamishia huko Joe Thuney, mlinzi hodari wa ndani, hatua iliyoziba pengo la nje huku ikifungua lingine alikotoka. Kulia, Jawaan Taylor alikuwa na tabia (ya kuudhi, kusema kweli) ya kuadhibiwa kwa kutikisika kabla mpira haujaanza.

Philadelphia Eagles, wapinzani wao katika fainali hiyo, waliyaona hayo, wakashambulia kwa watu wanne wa kawaida bila kuongeza mwingine, na bado wakamfikia Mahomes. Aprili iliyofuata, Chiefs walitumia chaguo lao la kwanza katika uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya (draft) kumchukua Josh Simmons, mchezaji wa pembeni kushoto.