Nukta za kijani kwenye picha za usiku: vua filta kwanza

Ndugu uliyeuliza kuhusu picha zako za usiku za filamu, hizo nukta za kijani zinazoelea angani si kosa la filamu wala la waliokusafishia picha. Shika picha, vuta mstari kutoka kwenye taa halisi upite katikati kabisa ya fremu. Ukiikuta nukta upande wa pili, umbali uleule, tena imepinduka juu chini, mshukiwa wa kwanza ni filta ya UV, kile kioo cha ziada kinachofungwa mbele ya lenzi. Kioo hicho bapa kinaurudisha ndani mwanga ulioakisiwa na filamu au lenzi. Usiku ivue tu, hata kama ni ya bei mbaya.

Zikibaki, basi mwanga unadunda baina ya vioo vya lenzi yenyewe. Hapo geuza kamera kidogo, au ifiche taa nyuma ya nguzo. Kikinga mwanga, ule ukingo unaovalishwa mbele ya lenzi, hakisaidii kitu taa ikiwa ndani ya picha.

Ila ukiona duara jekundu limeizunguka taa palepale, hilo ni jambo jingine: mwanga umepenya filamu ukarudi kutoka nyuma. Filamu ya CineStill 800T inajulikana kwa hilo kwa sababu tabaka lake jeusi la nyuma limeondolewa.